Naenda Guangzhou siku 12 na sili nyama, samaki, mayai wala maziwa. Nitakula nini?

MamaPazia

Habari zenu wakuu.

Nina duka la mapazia Kariakoo, huu mwaka wa tisa. Muda wote nimekuwa nachukua vitambaa kwa wenye kontena, nao wananipa wanavyotaka kwa bei wanayotaka. Mwaka huu nimejifunga kibwebwe. Tarehe 14 mwezi wa tano naondoka mwenyewe kwenda Guangzhou, soko la vitambaa la Zhongda, siku kumi na mbili. Napitia Addis Ababa na ndege ya kuendelea ni kesho yake, kwa hiyo nalala pale usiku mmoja. Viza ninayo, kadi ya homa ya manjano ninayo, hela ya mzigo ipo (ni ya kikoba, msinifuate faragha). Kinachoninyima usingizi ni sufuria za watu.

Mimi Mpare wa Same, Msabato. Tangu 2018 sili nyama, samaki, mayai wala maziwa. Lilianza kama somo la matengenezo ya afya pale kanisani, nikasema nijaribu mwezi mmoja, mwezi ukaisha na sikuona sababu ya kurudi. Nyumbani sisumbuki: makande, maharage ya nazi, mchicha wa karanga, mlenda, mihogo. Hata nikienda Mbeya najua basi likisimama ninunue wapi mahindi ya kuchoma na ndizi. Na lugha ninayo. Mama ntilie akiniambia "hii haina nyama, nimeweka supu yake tu", tunaelewana na nahama meza.

Nje nimetoka mara moja, Dubai, siku nne. Wakala wa tiketi nilimwambia sili nyama, akasema ameshaniwekea chakula maalumu. Kweli kilikuja, tena na karatasi yenye jina langu: vipande vya jibini la Kihindi ndani ya mchuzi mzito wa krimu, pembeni kikombe cha mtindi. Nikala mkate na matango. Sikuweza hata kulalamika, maana nyama kweli haikuwemo.

Sasa China sijui hata neno moja. Wapo wanaoniambia Wachina ni watu wa mboga, wapo wanaoniambia hata mboga ina nguruwe. Naomba kujua niseme nini nikiingia mgahawani, nibebe nini toka huku, na pale Addis nijishikize na nini. Ajibu aliyekwenda, aliyesimuliwa apumzike.

Nawasilisha.

Kidume wa Ubungo

Mama, siku kumi na mbili tu hizo. Piga kuku, Mungu anaona umbali uliotoka.

MamaPazia

Kaka, kuku sijamgusa miaka yote hii. Nikimrudia ghafla siku zote kumi na mbili nitazimalizia chooni, vitambaa atanunua nani?

BiKontena

MamaPazia mwanangu, aliyekwenda ni miye. Safari ya kwanza ilikuwa 2009 na toka hapo sijaacha, isipokuwa ile miaka ya korona. Niseme kweli mapema: miye si mla majani. Mtu wa Unguja, nyumbani pweza wa nazi hanipiti. Lakini nikitia mguu China nyama zote nazipa mgongo, nguruwe kwa kuwa ni nguruwe, na ng'ombe na kuku kwa kuwa sijui kachinja nani. Kwa hiyo wiki mbili nzima miye na wewe sahani yetu moja. Maziwa hayatakusumbua, upishi wao wa asili hautumii sana maziwa wala samli. Adui yako ni mwengine.

Safari ile ya kwanza nilifikia Xiaobei, mtaa wa Waafrika na Waarabu. Chini ya hoteli palikuwa na kijimgahawa cha mume na mke, watu wazuri. Nikamfahamisha bibie kwa mikono: nyama hapana. Akaelewa. Siku nne nakula majani ya kukaanga na kitunguu saumu, matamu, yanang'ara, nikawa nawasifia kwa wenzangu. Siku ya tano walikuwa na wateja wengi, nikasimama mlangoni mwa jiko kusubiri. Nikamwona mume anachota kitu cheupe kwa upawa toka kwenye ndoo anatia kwenye karai. Nikamuuliza kijana wetu wa kutafsiri. Mafuta ya nguruwe. Siku nne! Nilipanda chumbani nikaleta istighfari mpaka adhuhuri. Lakini sikugombana nao, maana hawakunidanganya. Nilisema sitaki nyama, na nyama hawakunipa.

Hapo ndipo pa kushika. Kwao nyama ni kipande unachokiona. Mafuta ya nguruwe ni mafuta. Ile sosi nyeusi ya chaza wanayomwagia majani ya saladi ni kiungo. Unga wa kuku wanaonyunyiza kila kitu ni chumvi tu kwao. Tofu (ile kama jibini ya maharage ya soya) ya pilipili italetwa imenyunyiziwa nyama ya kusaga, na ukiuliza, mpishi atakushangaa: si umeagiza tofu? Nyama ile ya harufu tu. Maharage mabichi ya kukaanga makavu, vivyo hivyo.

Basi usiwahesabie usivyokula. Sema unakula su. "Wo chi su." Su ni kile chakula cha Wabuddha wanaojizuia, na kila Mchina anamjua mtu wa su. Kama si bibi yake ni shangazi yake, wengine kila siku, wengi zaidi tarehe mosi na kumi na tano za mwezi mwandamo, kama sisi tunavyowajua wanaofunga Jumatatu na Alhamisi. Ukisema huli nyama unaonekana mgonjwa au mchagua chakula, mpishi atakuondolea vipande na kuendelea na kazi yake. Ukisema su, anajua kuna karai la kuosha. Wazee wa Guangzhou wanaosema Kikantoni wao huita "jai". Miye nilipolijua neno hili nililia, si utani, niliona miaka yangu miwili ya kulala na biskuti imepotea bure.

Ila mayai bado uyataje kwa jina, maana wapo wanaojiita watu wa su na mayai wanakula.

Ukitaka kula bila kuuliza hata swali, nenda migahawa ya su yenyewe. Iko karibu na mahekalu, na Guangzhou mahekalu yapo katikati ya mji: Dafo karibu na barabara ya Beijing Lu, Guangxiao upande wa juu kidogo. Utaletewa bata mwenye ngozi ya kahawia mpaka mafuta yanachuruzika. Usikimbie. Ni utandu wa maziwa ya soya, umekunjwa tabaka kwa tabaka na kukaangwa. Wana samaki wa hivyo, figo za uyoga, kila kitu. Kitunguu na kitunguu saumu hawatii, kwa hiyo mara ya kwanza utahisi chakula kimepwaya. Ndiyo maana miye nabeba pilipili ya unga.

Ukiwa Xiaobei utapata migahawa ya Kiislamu. Hapo nguruwe hayumo, lakini tambi zao zinaogelea kwenye supu ya ng'ombe, kwa hiyo kwako haisaidii sana. Ya Waarabu ni afadhali: hummus (rojo la dengu), ful (maharage yao), mikate. Supu ya dengu uliza kwanza imepikwa na maji gani.

Beba karanga za kukaanga, tende, na pilipili. Matunda mabichi na mbegu usijaribu, wanakamata uwanja wa ndege. Birika la umeme utalikuta chumbani, karibu kila hoteli wanalo. Na Zhongda ni kubwa, mwanangu, miguu itakuuma. Kula asubuhi kabla ya kuingia, humo ndani ukishaanza kushika vitambaa utasahau tumbo.

Mzee wa Milimani

Nimesoma kwa makini. Swali langu kwa dada yetu Msabato: migahawa ya mahekalu ya masanamu? Paulo aliwaandikia nini Wakorintho kuhusu vilivyotolewa sadaka kwa sanamu?

BiKontena

Mzee wangu, shikamoo. Swali hilo hata miye nilijiuliza, na dini yangu haina mchezo na masanamu. Vya kwenye madhabahu vyao ni matunda na maua, vinakaa mbele ya sanamu. Mgahawa ni biashara, una mtu wa kupokea hela na una foleni ya wafanyakazi wa ofisini saa sita mchana. Na wa su haupo kwenye hekalu tu, mingine iko kwenye majengo ya maduka, ghorofa ya nne huko, sanamu hata moja huoni.

MamaPazia

Mzee, marahaba ya mapema kwa wajukuu na shikamoo kutoka kwangu. Paulo huyohuyo mbele kidogo anawaambia kiuzwacho sokoni wale bila kuulizauliza. Tatizo alikuwa anasema habari za nyama, na mimi nyama ndiyo naulizia. Nitatafuta ule wa ghorofa ya nne.

Mkenya wa Wuhan

Mambo wadau. Nasomea udaktari Wuhan, mwaka wa nne, na nyama niliacha nikiwa huku. Bi Kontena amemaliza kazi, mimi naongeza mambo ya simu.

Mama, usitegemee mdomo. Hilo "chi" si kama chi ya "nchi", ulimi unakunjwa nyuma, na wewe utalisema vibaya wiki nzima kama nilivyolisema mimi mwaka mzima. Hifadhi maandishi haya kama picha kwenye simu, yawe makubwa, na umwonyeshe mpishi mwenyewe, si yule msichana wa kuchukua oda:

我吃全素。请不要放肉、鱼、虾、蛋、奶、猪油、蚝油、鸡精。谢谢。

Maana yake: nakula su kamili, tafadhali usitie nyama, samaki, kamba, mayai, maziwa, mafuta ya nguruwe, sosi ya chaza wala unga wa kuku, asante. Bila neno "dan", yaani mayai, utaletewa nyanya na mayai. Nawaambia ukweli, mtu yeyote anayesema hali nyama China hii analetewa nyanya na mayai. Wanadhani wamekufanyia hisani.

Programu ya kutafsiri ipakue na Kichina chake ukiwa bado Dar, kwa sababu huku Google haifunguki, na WhatsApp pia. Waambie nyumbani mapema wasije wakadhani umetekwa. Weka Alipay, programu yao ya kulipia kwa simu, na uiunganishe na kadi yako ya benki kabla ya safari, noti watu wanaziangalia kama makumbusho.

Asubuhi kwenu Guangzhou kuna kitu kinaitwa zhai chang. Ni utando laini wa unga wa mchele uliopikwa kwa mvuke ukakunjwa, hauna kitu ndani, unamwagiwa sosi ya soya. Hiyo "zhai" ndiyo ile "jai" ya Bi Kontena. Usipotaja zhai watakuvunjia yai juu yake ukiwa unaangalia. Maziwa ya soya ya moto, doujiang, yako kila kona. Mantou ni mkate mweupe wa mvuke, mtupu. Mikate ya dukani achana nayo, ina maziwa na mayai na ni mitamu kama keki. Mchana, kama umekwama kwenye mgahawa wa kawaida, agiza viazi vilivyokatwa nyembamba kama njiti na kukaangwa na siki na pilipili, au di san xian, ambayo ni bilinganya, viazi na pilipili hoho. Hizo kwa kawaida hazina nyama hata kabla hujaonyesha simu. Lakini onyesha. Barabarani kuna viazi vitamu vya kuchoma na mahindi ya kuchemsha, na hapo huhitaji Kichina.

Faranji wa Bole

Dada, nimekaa Addis miaka mitatu kikazi. Kwa mtu wa aina yako ule ndio mji rahisi kuliko yote niliyopita, lakini umechagua tarehe mbaya, ngoja nieleze.

Waorthodoksi wa kule wanafunga kila Jumatano na Ijumaa, na kabla ya Pasaka wanafunga siku 55. Kufunga kwao ni kuacha nyama, maziwa, mayai na siagi, yaani ni wewe mtupu. Siku hizo kila mgahawa unatoa sahani ya mfungo: injera (chapati yao laini yenye uchachu), na juu yake dengu nyekundu, dengu za njano, sukuma, kabichi na karoti, shiro (mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde). Sasa, baada ya Pasaka yao kuna siku hamsini ambazo hata Jumatano na Ijumaa hawafungi. Tarehe 14 mwezi wa tano inaangukia humo. Siku hizo watu wanafidia, na siagi yao ya viungo, kibe, inaingia mpaka kwenye shiro.

Usiogope lakini. Wewe uliza "yetsom", chakula cha mfungo, hata kama si mfungo. Watakuambia leo hakuna tsom. Sema unajua, unataka hivyohivyo. Halafu ongeza "kibe yelelebet", isiyo na siagi. Neno tsom linamfanya mpishi ajue mambo yote kwa mara moja, sawa na hiyo su ya kina Bi Kontena.

Na ule mkasa wako wa Dubai naujua, niliwahi kukata tiketi za watu. Chakula maalumu cha ndege kina herufi nne. Wakala wako aliweka AVML, mboga za Kihindi, ambazo zina maziwa. Yako ni VGML. Isome mwenyewe kwenye tiketi, iombe angalau saa 24 kabla, na ukibadilisha ndege hata kwa siku moja uiangalie tena, maana mara nyingi inabaki kwenye ile safari ya zamani. Na VLML nayo si yako, ina maziwa na mayai.

Muuguza Baba

Hii ni kwa watakaosoma baadaye wakienda India. Nilimpeleka baba kutibiwa Chennai, tulikaa wiki saba. Mimi maziwa tumbo linakataa. Kule kila pakiti ya chakula ina alama, nukta ya kijani ni mboga. Nikajiachia. Kumbe kijani inaruhusu maziwa, mtindi na samli. Dosa, chapati yao nyembamba ya mchele na kunde, wanaipaka samli juu ikiwa inang'aa kwenye kikaango. Kitamil nilichojifunza ni "nei vendaam", sitaki samli, na "thayir vendaam", sitaki mtindi. Idli (vitumbua vya mvuke) na sambar (mchuzi wa dengu na mboga) zilinilisha wiki saba zote, na yule mpishi wa kona alifika mahali akiniona tu anapaza sauti "nei vendaam!" barabara nzima inageuka.

MamaPazia

Wakuu, nimerudi tangu Jumatano. Niliahidi moyoni kwamba nitaleta mrejesho, maana huu uzi niliuchapisha nikaukunja kwenye pasipoti.

Ndegeni: VGML. Niliisoma mwenyewe kwenye tiketi, nikampigia wakala mara mbili, nadhani amenichoka. Ililetwa kabla ya trei za wengine, wali na mbogamboga na njegere, tunda pembeni. Nilishamaliza kula, jirani yangu bado anauliza kuku au samaki.

Addis nilifika jioni. Mhudumu wa hotelini alinijibu kama alivyosema Faranji, neno kwa neno: leo hakuna tsom. Nikasema najua. Akaenda jikoni, akarudi, akauliza tena kama nina hakika. Nililetewa shiro inachemka kwenye kijungu cheusi na sukuma, na injera ya kutosha watu wawili. Nikala yote. Sisi Wapare hatuachi chakula kilicholipiwa.

Guangzhou siku mbili za kwanza nilikula zhai chang asubuhi na mchana viazi vile vya njiti, nikiogopa kujaribu kingine. Picha ya maandishi nilikuwa naonyesha mpaka kwa muuza mahindi. Siku ya tatu nikazoea, na nilipozoea ndipo nikapigwa.

Ilikuwa mchana, kwenye kantini ya ndani pale Zhongda. Mpishi alisoma simu yangu yote, mstari kwa mstari, akatikisa kichwa kukubali, akaosha karai mbele ya macho yangu. Nilitaka kumkumbatia. Akanipa wali, majani ya kukaanga na mafuta ya karanga, na tofu. Halafu, kwa ukarimu, akaniwekea bakuli la supu ambalo kila mteja anapewa bure. Supu nyepesi, maji matupu, vipande vya karoti na mahindi vinaelea. Nikanywa vijiko viwili. Cha tatu nikagonga mfupa.

Kosa halikuwa lake. Maandishi yalisema asitie, na yeye kwenye chakula changu hakutia. Supu ilikuwa imeshapikwa toka alfajiri, mifupa ya nguruwe, ndivyo supu yao ilivyo. Mkenya, ongeza kwenye yale maandishi yako 也不要肉汤, na supu ya nyama pia sitaki. Binti aliyekuwa ananitafsiria ndiye aliyeniandikia. Jioni ile sikula kitu, nilikaa na tende za Bi Kontena nikamwomba Mungu msamaha, ingawa sijui hasa wa nini.

Mgahawa wa su niliupata, si wa hekaluni, ni wa ndani ya jengo la maduka (Mzee, ghorofa ya tatu). Yule bata wa utandu wa soya nilimwangalia dakika nzima. Nilikuwa nimeshasahau ngozi ya kuku inafananaje mdomoni, na ikanirudia, na sikuipenda. Wapeni wenyewe. Uyoga wao lakini! Nimekula aina sita kwa siku moja. Same uyoga tunangoja mvua.

Sasa la mwisho. Siku ya tisa tajiri niliyechukua kwake mzigo mkubwa alitualika chakula cha usiku. Meza ya duara, kioo cha katikati kinazunguka, watu wanane. Binti wa kutafsiri nilishamwonya toka mchana, yeye akasahau. Akaletwa samaki mzima, kioo kikazungushwa taratibu mpaka kichwa kikanielekea mimi, ndiyo heshima ya mgeni. Wote wananingoja. Nikamkanyaga binti mguu chini ya meza, ndipo akasema: huyu anakula su.

Tajiri akaweka vijiti chini. Akatoa simu. Nikajua hapa anatafuta mgahawa mwingine, nimeharibu. Kumbe amefungua kalenda, anaangalia mwezi mwandamo, akidhani leo ni tarehe mosi au kumi na tano na yeye amepitiwa. Haikuwa mosi wala kumi na tano. Akauliza, leo tu? Binti akajibu, kila siku. Miaka mingapi? Nikamhesabia kwa vidole. Akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu, akasema kitu, na binti akaanza kucheka kabla hajanitafsiria.

"Anauliza kama wewe ni mtawa."

Nikatoa simu nikamwonyesha wanangu watatu na baba yao. Meza nzima ikacheka, samaki akazungushwa kwa mwingine, na tajiri akainuka mwenyewe akaenda jikoni. Nikasikia anampigia mpishi kelele. Vikaja bilinganya, tofu, majani aina mbili, na viazi vikuu vya kuchemsha kama vya kwetu kabisa, na mke wake akawa ananijazia bakuli kila nikipunguza.

Bei ya kitambaa kizito cha kuzuia mwanga hakushusha hata yuan moja.

Bi Kontena, karanga zilibaki, nimemwachia binti. Pilipili ulisema kweli.

BiKontena

Nimecheka mpaka mjukuu kaamka. Hiyo supu ya bure miye ilinipata 2012, sikusema kwa aibu.

Kidume wa Ubungo

Kwa hiyo kuku hukumla kabisa. Haya mama, nimesalimu amri. Mapazia yanafika lini, mke wangu anauliza bei.

MamaPazia

Bado yako baharini. Mwambie aje dukani mwezi wa saba, na aje na vipimo vya madirisha, asiniambie "dirisha la kawaida".